Hesabu Miaka ya Fleti Yako

(Maneno niliyosema Jumamosi moja jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu, East Ham, London. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa ajili ya waliokuwa kazini.)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Watoto mliokaa karibu na sambusa, mwenyekiti amesema zinagawiwa nikimaliza, kwa hiyo niombeeni nisiwe na maneno mengi.

Mimi si wakili. Ni nesi wa zamu ya usiku, na wengi humu mnanijua kwa kuwapima presha kuliko kwa mambo ya sheria. Nimeombwa nizungumze juu ya kuongeza miaka ya lizi, yaani mkataba unaokupa fleti kwa miaka ya kuhesabu, kwa sababu moja: niliumia, na baada ya kuumia ndipo nikasoma. Basi yapokeeni haya kama maneno ya mgonjwa aliyepona. Dawa mtaandikiwa na wakili.

Wenye fleti, nyoosheni mikono. Fleti, si nyumba ya kusimama peke yake. Haya, mikono ni mingi, Mungu awazidishie. Sasa asiyejua lizi yake imebakiza miaka mingapi, ashushe. Mnaona? Imebaki minne, na mmoja ni wa mume wangu, ambaye hawezi kusema hajui na bado akalala ndani.

Kosa letu limetoka nyumbani, nalisema bila kumlaumu mtu. Tumekua tukisikia hati ya miaka 33, hati ya miaka 66, hati ya miaka 99. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, wewe unapewa haki ya kuitumia na unalipa pango la ardhi serikalini. Nani humu aliwahi kumwona baba yake akikosa usingizi kwa sababu hati ya Kinondoni imebakiza miaka 70? Basi tunafika hapa, wakili anasema fleti hii ina lizi ya miaka 99, tunatikisa kichwa: ah, hiyo naijua. Huijui. Hapa anayekuhesabia miaka mara nyingi ni kampuni au mtu aliyenunua ardhi iliyo chini ya jengo lenu, kama vile wewe ungenunua ng'ombe wa maziwa. Miaka ikiisha, fleti inarudi kwake. Na kadiri inavyopungua, ndivyo bei ya kukuongezea inavyopanda. Nazungumzia England na Wales; ndugu zetu wa Glasgow wanamiliki fleti zao moja kwa moja, mkienda kuwatembelea msiwaudhi kwa kuuliza habari za lizi.

Yangu ilikuwa hivi. Nilinunua mwaka 2002, fleti ya vyumba viwili ghorofa ya pili, lizi ya miaka 99 iliyoanza 1984. Fanyeni hesabu. Imebaki 81. Mimi sikuifanya. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nilichokiona ni jiko lenye dirisha. Wakili wangu wa wakati ule aliandika ile 81 kwenye ripoti yake, ukurasa wa sita, katikati ya habari za mabomba, na mimi nikaiweka ripoti kwenye droo chini ya khanga. Ilikaa humo miaka kumi na miwili.

Mwaka 2014 watoto wamekuwa wawili, tunataka kuhama. Mnunuzi akapatikana, kijana mpole, alishapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Wiki ya sita akapiga simu, sauti imemkauka: benki yake imekataa kumkopesha. Fleti haina ufa, mshahara wake hauna tatizo, ila lizi imebakiza miaka 69 na benki ile haikopeshi kwa lizi fupi namna hiyo. Kila benki ina kiwango chake, lakini ukishaingia kwenye sitini na kitu, milango inaanza kufungwa, na wanaobaki kugonga kwako ni wenye pesa taslimu wanaotaka punguzo. Yule kijana mapazia yake sijui aliyatundika wapi.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana ndiyo iliyonileta hapa mbele. Mwezi huohuo ikaja barua ya wakala wa mwenye ardhi. Barua nzuri, karatasi nzito, lugha ya upole. Inasema wamesikia nauza, wako tayari kunirudishia lizi hadi miaka 99 kwa pauni 12,000 tu, tusiingie kwenye usumbufu na gharama za sheria, nitie saini ndani ya siku 28. Mimi nilifurahi. Nilikaribia kupiga vigelegele jikoni. Mume wangu, huyu mwenye mkono juu, ndiye aliyegeuza karatasi. Nyuma yake kuna kipengele kidogo: pango la ardhi, ambalo nilikuwa nalipa pauni 100 kwa mwaka, litakuwa 250, na litakuwa maradufu kila baada ya miaka kumi.

Akachukua kalamu ya mtoto akahesabu pembeni. 250, halafu 500, halafu 1,000, halafu 2,000, halafu 4,000, halafu 8,000. Mwaka wa hamsini na moja, yeyote atakayekuwa anaishi kwenye fleti ile analipa pauni 8,000 kila mwaka kwa ajili ya kusimama juu ya udongo wa mtu. Nani atainunua? Jirani yetu wa ghorofa ya chini alipata barua kama hiyo na akatia saini. Sitasema zaidi, ni mtu wa watu. Nitasema tu kwamba naye baadaye alijaribu kuuza.

Kuna watakaosema barua za namna ile zimekufa. Zimebadilika nguo. Tangu tarehe 30 Juni 2022 kuna sheria inayokataza pango la ardhi kwenye lizi mpya nyingi za nyumba za kuishi. Lakini ukiongeza miaka kwa makubaliano ya hiari, mwenye ardhi anaruhusiwa kuendelea kukutoza pango la zamani kwa miaka ile iliyokuwa imebaki. Na hakuna kinachomlazimisha kukupa miaka mingi. Akikuongezea ishirini, baada ya muda utarudi kumpigia magoti tena. Kwa hiyo barua ikija, geuza karatasi.

Njia ya pili ndiyo niliyoifuata. Ipo sheria ya mwaka 1993 inayompa mwenye lizi ndefu ya fleti haki, nasema haki, si fadhila, ya kupata lizi mpya yenye miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi linashuka hadi punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Msicheke, ndivyo sheria zao zinavyosema tangu zamani, maana yake ni sifuri. Mtu wa Muheza, wanakolima pilipili manga, atasema kwao hata kuku hadai punje moja.

Unaanza kwa kumtafuta mthamini anayeujua mtaa wako na kazi hii hasa. Atakuambia bei halisi iko wapi. Kisha wakili, naye awe wa kazi hii. Yule aliyekusaidia mambo ya viza mwache na viza. Wakili anamtumia mwenye ardhi notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo, ndani yake kuna bei unayopendekeza wewe. Siku ile notisi inapofika, saa inasimama. Bei itahesabiwa kwa miaka iliyobaki siku hiyo, hata mkibishana mwaka mzima. Mwenye ardhi lazima apewe angalau miezi miwili ya kujibu, na katikati anaweza kudai amana: asilimia 10 ya bei uliyopendekeza au pauni 250, ipi ni kubwa. Asipojibu kwa wakati, unaweza kwenda mahakamani upewe lizi kwa masharti yako. Hutokea, lakini msilale mkiiota.

Akijibu na bei yake ya juu, mnavutana. Msipoelewana, miezi miwili ikipita tangu majibu yake, mlango wa Baraza, linaloamua migogoro ya lizi kama hii, unafunguliwa, na unafungwa miezi sita ikitimia. Hapa nitasimama kidogo kama ninavyosimama kwa mgonjwa wa sukari. Miezi sita ikipita bila makubaliano na bila kwenda Baraza, notisi yako imekufa. Huwezi kutuma nyingine mpaka miezi 12, gharama za upande wa pili unalipa, na lizi imeendelea kupungua. Andika tarehe hiyo ukutani. Usimwachie wakili peke yake, ana faili mia.

Kwangu wenye ardhi walidai 31,000. Mthamini wangu akasema 16,500. Tukapelekana barua, za kwao na za kwetu, kila moja ina gharama yake, mpaka wiki moja kabla ya siku ya Baraza, tukaafikiana 19,750. Juu yake, wakili wangu, mthamini wangu, halafu wakili wao na mthamini wao, kwa sababu sheria ya 1993 inasema anayeomba ndiye analipia gharama zao zinazostahili. Hilo liliniuma kuliko bei yenyewe. Kumlipa mtu aliyekuja kubishana nawe! Mwaka 2015 nikapata karatasi yangu: miaka 158, pango punje ya pilipili manga.

Sasa niwaeleze kwa nini ilikuwa karibu elfu ishirini, wakati mwaka 2002, kama ningejua kumtaka muuzaji aombe kabla ya kuniuzia, ingekuwa pungufu sana. Kuna kitu wanakiita thamani ya ndoa. Lizi ndefu ina bei kubwa kuliko lizi fupi, hilo mnalijua. Wanasema ukiongeza miaka, ni kama umeiozesha lizi yako na ardhi ya chini, na ndoa hiyo inazaa faida, basi nusu ya faida ni ya mwenye ardhi. Mimi nimehudhuria ndoa nyingi, ila ya namna hii, bibi harusi ni karatasi, bwana harusi ni udongo, na mahari unalipa wewe uliye jikoni, sijawahi kuiona kwetu.

Lizi ikiwa na zaidi ya miaka 80, nusu hiyo hailipwi. Ikifika 80 au ikishuka, inalipwa. Mimi nilinunua nikiwa na 81. Ilibaki miezi tu kuvuka mstari ule, na sikujua.

Mthamini wangu aliniwekea mfano kwenye karatasi, nimekuja nayo. Fleti ambayo ikiwa na lizi ndefu ni ya pauni 300,000, pango 150 kwa mwaka. Bei ya fleti ambayo mwenye ardhi angeipata lizi ikiisha, anaipunguza kwa asilimia 5 kwa kila mwaka wa kusubiri, kiwango ambacho mahakama ziliweka kwa fleti kwenye kesi maarufu ya Sportelli, na pango atakalolikosa mwenye ardhi analikadiria kwa asilimia 7. Lizi ikiwa na miaka 81, unalipa kama pauni 7,800. Ikiwa na miaka 60, tuseme fleti hiyohiyo na lizi yake fupi ingeuzwa 255,000, unalipa kama 31,500, na katika hizo 13,500 ni mahari peke yake. Fleti ni ileile. Vigae vilevile vya bafuni. Hizo ni namba za mfano. Za kwako atakupa wako.

Kuna watu humu mnajisikia salama na sitaki muende nyumbani hivyo. Mlionunua fleti za halmashauri, au mlionunua kwa mtu aliyeinunua halmashauri. Mnaniambia, dada, yetu ni miaka 125, na pango ni pauni 10. Kweli. Lakini 125 kuanzia lini? Mpango wa wapangaji kununua nyumba za halmashauri ulikuja na sheria ya 1980. Na sheria inaruhusu lizi zote za jengo moja ziishe siku moja, zikifuata ile ya kwanza kuuzwa. Kwa hiyo kama bibi mmoja wa ghorofa ya tano alinunua 1981, na wewe ukanunua ya ghorofa ya tatu 1998, yako inaweza kuwa inaisha na ya bibi, 2106. Toeni 80 kwenye 2106. Ndiyo. 2026.

Nimewaona mnaangaliana.

Na ndugu zangu mlionunua kwa mpango wa benki usio na riba: katika mipango mingi ya namna hiyo jina lililo kwa Msajili wa Ardhi ni la benki, wewe unanunua sehemu yake kidogokidogo. Usianze kutuma notisi kwa jina lako. Zungumza na benki kwanza, na uwape muda, maana ukipiga simu unazungushwa idara tatu kabla hujampata anayejua unachosema.

(Hapa kaka mmoja wa safu ya nyuma aliuliza: si serikali imeshabadilisha sheria, kwa nini tusisubiri?)

Swali zuri, na ndilo linalowagharimu watu sasa hivi. Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya. Ndani yake mna mambo matamu: miaka 990 badala ya 90, thamani ya ndoa kufutwa, na kwa kawaida kila upande ujilipie gharama zake. Wenye ardhi wakaenda Mahakama Kuu kuipinga, na Oktoba 2025 wakashindwa. Lakini sheria kupitishwa na sheria kuanza kutumika ni vitu viwili, kama mtoto kuandikishwa shule na mtoto kuingia darasani. Ninapozungumza nanyi, miaka 990 bado, kufutwa kwa mahari bado. Kilichoanza, tangu 31 Januari 2025, ni kwamba huhitaji tena kukaa miaka miwili na fleti ndipo uombe. Ukishaandikishwa tu, unaweza.

Usubiri au usisubiri? Nitasema ninavyoona mimi, na kila mtu ana mfuko wake. Una miaka 90 na huhami: kunywa chai, subiri, ila kila mwaka angalia. Una 83, 82, 81: usikubali kuvuka 80 kwa kutegemea ahadi, mwone mthamini mwezi huu. Umeshavuka, una 72 tuseme, na hutaki kuuza wala kubadilisha mkopo: hapo kusubiri kunaweza kukuokolea pesa nyingi, na kunaweza kukuongezea nyingine, maana viwango vya hesabu mpya serikali ndiyo itakayoviweka. Hiyo ni kamari, na mimi sichezi. Lakini anayeicheza huku anajua ni kamari, simlaumu. Una 65 na mwanao anaoa mwakani na unataka kuuza: usisubiri mtu.

(Mama mmoja akauliza juu ya mwanawe anayetaka kununua fleti yenye miaka 78, bei nzuri.)

Mama, hiyo bei nzuri ndiyo ile mahari, wamekuwekea ndani. Si lazima aikimbie. Amwambie muuzaji atume notisi kabla ya kuuza, kisha haki ya notisi ile ihamishiwe kwa mwanao siku ileile fleti inapohama. Siku ileile, isitenganishwe, wakitenganisha notisi haina kazi tena. Au anunue, aandikishwe, atume yake mwenyewe. Ila gharama ya kuongeza ipunguzwe kwenye bei, na kabla ya yote aulize benki yake kama inakubali 78.

Na kama mwenye ardhi hapatikani, kampuni ilikufa, mtu alihama, barua zinarudi, ipo njia ya mahakamani pia. Usikate tamaa ukaacha miaka iende kwa sababu tu hakuna wa kumpelekea notisi.

Msiokuwa na hela ya wakili leo, lipo shirika linalogharamiwa na serikali, Leasehold Advisory Service, ushauri wao ni bure na wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Mimi nilikesha nacho usiku mmoja wodini, wagonjwa wamelala, namba zinanipandisha presha kuliko wao. Na nakala ya hati yako unaipata kwa Msajili wa Ardhi, mtandaoni, kwa pauni chache.

Nimeleta nakala ya hati yangu ya zamani, ile ya droo. Iko pale mezani karibu na birika. Nimepaka rangi ya njano mstari wenye neno la muda na tarehe ya kuanzia, ili mwone unavyofanana na mistari mingine. Mliokuja na zenu, leteni, tuhesabu pamoja huku tunakula. Kalamu ninazo. Watoto, sambusa sasa.